Bustani ya wazee waliopigana vita: majina kwanza, mawe kisha

Ukisema "Kasapa" mbele ya mutu wa Lubumbashi, atakuuliza mara moja: Kasapa gani, ya chuo ao ya gereza? Njia ni moja, lakini wanaoipita hawaendi fasi moja. Mimi nataka kuongea hapa juu ya Kasapa ya tatu, ambayo bado haiko: bustani ya ukumbusho wa wazee wetu waliopigana vita, wale tunaowaita anciens combattants, na ambao watu wa mitaani walisema tu "basoda ba zamani".

Wazo hili lina sababu yake. Tarehe 8 Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alisimama huko Kinshasa mbele ya ukumbusho wa wanajeshi wa zamani, akamuvika nishani koplo Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100. Siku mbili kisha, tarehe 10, mfalme yule yule alikuwa hapa kwetu, akasema na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Watu waliongea sana juu ya hotuba, wengine wakaisifu, wengine wakaona haikutosha. Mimi lilinibakia swali dogo: kama mutoto wa muji huu anataka kusoma majina ya wale waliotoka Katanga wakafa njiani kwenda Tabora ao Saïo, aende kuyasoma wapi?

Nikiuliza darasani Saïo ni nini, jibu linalokuja mbele ni kwamba ni avenue ya Kinshasa. Wanafunzi hawakosei. Kinshasa kuna avenue Saïo, kuna avenue Assossa, na kuna soko la Gambela ambamo watu wanauza na kununua kila siku bila kujua kwamba jina hilo lilitoka Ethiopia pamoja na askari. Jina limebaki, mambo yenyewe yamesahauliwa. Ndiyo hatari ya kila ukumbusho, na ndiyo sababu ninaandika kurasa hizi mbele mutu hajaanza kuchora ramani.

Namna wakubwa wetu walikumbuka

Kuna wenye kusema: minara ni mambo ya wazungu, sisi Waafrika tunakumbuka kwa roho tu. Neno hilo linapendeza kusikia, lakini si kweli. Tunaolisema tunajinyima wenyewe.

Kwa Waluba, mulopwe akifa, makao yake hayakuachwa yaote majani. Fasi ile iligeuka kitenta, kijiji cha roho ya mfalme, na mwanamuke mumoja, mwadi, alikaa pale kama kinywa cha marehemu. Mfalme mupya alijenga makao yake pengine. Kama hiyo haiko bustani ya ukumbusho, sijui bustani ya ukumbusho ni nini: ina uwanja wake, ina mulinzi wake, ina watu wanaoitembelea na zawadi. Tena watu wa chama cha mbudye walikuwa na lukasa, ubao mudogo wa kushika mukononi, umejaa shanga na simbi. Asiyefundishwa aliona shanga. Aliyefundishwa alipitisha kidole juu yake na kusoma wafalme, safari zao na fasi walizokaa. Na kasala, sote tumesikia kasala katika matanga ya Waluba: mwenye kuiimba anaita jina la mutu, la baba yake, la ukoo wake, la mito waliyovuka, mpaka mwenye kulia anajua analia nani.

Kwa Walunda na jirani zao Waluvale na Wachokwe kuna muti wa muyombo. Unapandwa kwa ajili ya marehemu, na wakati wa kuomba chini yake wanapaka pemba, ule udongo mweupe, na wanaita jina kwa sauti.

Tazameni mambo haya pamoja. Kuna uwanja uliotengwa, kuna kitu cha kusomwa kwa kidole, kuna muti, na kuna jina linalotamkwa. Hakuna hata fasi moja ambapo wakubwa wetu walihitaji mutu wa shaba amepanda farasi.

Kutoka Lukuga mpaka Tabora

Vita ya 1914 ilifika kwetu kwa maji. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, katika ziwa Tanganyika, upande wa Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Tangu siku ile Kongo, ambayo haikuwa na ugomvi wake na Mjerumani, iliingia vitani.

Askari wa Force Publique waliotoka Katanga walivuka mupaka na kuingia Rhodesia ya Kaskazini kusaidia Waingereza kulinda Abercorn, muji ambao leo unaitwa Mbala, katika inchi ya Zambia. Huko Saisi, katikati ya mwaka 1915, walizungukwa na Wajerumani pamoja na wenzao wa Rhodesia, siku baada ya siku, na hawakuinua mikono. Mambo ya Saisi yanasahauliwa hata na watu wanaojua Tabora. Haifai, maana Mbala si mbali na kwetu, na wengi wa wale askari walikuwa watu wa kambi za huku.

Mwaka 1916 Wabelgiji walianza kwenda mbele. Generali Charles Tombeur, ambaye kabla ya vita alikuwa mumoja wa wakubwa wa serikali hapa Katanga, aliongoza jeshi lote. Molitor alipita kaskazini, kwa Kivu na Rwanda. Olsen, mutu wa Denmark aliyetumikia Force Publique, alipita kusini kwa Burundi, akafika Kigoma mwishoni mwa Julai, kisha wakafuata njia ya reli. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilianguka. Mwaka uliofuata waliitwa tena, na tarehe 9 Oktoba 1917 waliingia Mahenge, mbali sana kusini.

Baada ya vita Tombeur alipata ubaroni na jina lake likaongezwa: Tombeur de Tabora. Muji muzima ulishonwa ndani ya jina la mutu mumoja. Mimi sina ugomvi na marehemu, generali ni generali. Lakini wale walioingia Tabora kwa miguu, wao majina yao yalishonwa wapi?

Na bado sijasema juu ya wapagazi. Hapa lazima tukae kidogo, sababu ni hapa vitabu vingi vinapita mbio. Katika inchi zile hapakuwa na barabara za magari, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa cha mutu: risasi, vipande vya mizinga, muchele, hema za wakubwa, dawa za munganga. Muzigo wa mutu mumoja ulikuwa kilo 25 hivi. Lakini mupagazi naye anakula. Kadiri jeshi linakwenda mbali, kadiri hiyo wanahitajika wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wapagazi wa kwanza, na wengine tena wa kubeba chakula cha hawa. Hesabu hii mwalimu yeyote anaweza kuifanya ubaoni, na itamutisha. Ndiyo maana hesabu inayotajwa mara nyingi kwa wapagazi wa upande wa Kongo katika vita ile inafika watu kama 260,000, na jeshi lenyewe halikupita sana askari 15,000.

Watu hao waliombwa kwa machifu, na sote tunajua namna serikali ya wakati ule iliomba. Walitoka katika joto la bonde wakapanda milima ya baridi na nguo moja. Walikula chakula ambacho tumbo lao halikuzoea, na mara nyingi hakikupikwa vizuri. Walikufa kwa kuhara damu na homa ya mapafu, na waliokufa hivyo walipita mbali sana hesabu ya askari waliokufa kwa risasi. Askari alikuwa na namba yake ya matrikule. Mupagazi, mara nyingi, alihesabiwa pamoja na mizigo.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yale yale, lakini wao walijenga. Dar es Salaam walisimamisha askari wa shaba mwaka 1927, fasi ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa kisha kuingia muji 1916. Huko Nairobi, mwaka 1928, waliweka watu watatu, na mumoja kati yao ni mupagazi. Maandishi yako kwa Kiswahili pia, na hilo ni jambo la kusifu. Lakini mukienda Dar es Salaam na kuuliza wapagazi wenyewe wanakumbukwa wapi, jibu haliko katika shaba. Liko sokoni. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mudomoni mwa watu ikageuka Kariakoo. Soko kubwa la Tanzania limebeba jina la wale waliobeba.

Mwaka wenye nyuso mbili

Vita ya pili inajulikana kidogo zaidi. Ubelgiji ilianguka Mei 1940, Kongo ikabaki na Waingereza. Mwaka 1941 Force Publique ilipita Sudan na kuingia Ethiopia, ambayo Waitalia walikuwa wameikamata. Mwezi wa tatu walichukua Asosa na Gambela. Kisha mvua ikaanza, chakula kikakosa, magonjwa yakaingia kambini, na wakakaa miezi chini ya milima ya Saïo, ambayo leo inaitwa Dembi Dolo. Tarehe 3 Julai 1941 generali Pietro Gazzera alikubali kushindwa mbele ya generali Gilliaert, yeye pamoja na magenerali wengine na maelfu ya askari wao. Wengine wa Force Publique walitumwa Nigeria, na waganga na wauguzi wa Kongo walifika mpaka Burma na hospitali yao. Hawa wauguzi pia ni wapiganaji wa zamani, hata kama hawakushika bunduki.

Lakini mwaka ule ule wa 1941 una uso mwingine, na uso huo uko hapa hapa Lubumbashi. Vita ilitaka shaba. Kazi iliongezwa, bei ya vitu sokoni ilipanda, na mushahara wa mufanyakazi mweusi ulibaki nyuma. Mwezi wa 12 wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika katika uwanja wa mupira. Gavana Maron alikuwa pale. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alipigwa risasi akafa, na baada yake wengine wengi. Hesabu ya serikali na hesabu ya mitaa hazijapatana mpaka leo. Aliyepiga ni nani? Ni Force Publique. Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu Saïo.

Basi mutu anayetaka kujenga bustani ya askari katika muji huu anakuta jambo hili mulangoni. Anaweza kulizunguka, kusema "sisi tunaheshimu tu waliopigana inchi za mbali". Wengi watapenda hivyo, kwa sababu sherehe inakwenda vizuri zaidi. Mimi nadhani ni kosa. Muji huu umelihifadhi jambo lile bila ruhusa ya mutu. Muchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mutoto wa hapa, aliyezaliwa 1947, alilichora katika picha zake za historia ya inchi miaka ya 1970. Wazee wa kambi za wafanyakazi walilisimulia. Ukijenga ukuta wa majina ya askari na usiandike jina la Mpoyi karibu yake, watu wa Lubumbashi watasoma jina lile ambalo halikuandikwa.

Na askari wenyewe hawakuwa wa namna moja. Februari 1944, huko Luluabourg, kikosi cha Force Publique kiliasi. Wale wanaosema askari wa zamani walikuwa mikono ya Bulamatari tu, na wale wanaosema walikuwa mashujaa tu, wote wawili wanafupisha mambo. Mutu mumoja aliweza kupanda mulima wa Saïo na kurudi kambini kupewa amri ya kumupiga ndugu yake. Bustani nzuri inaweza kuweka mambo hayo mawili fasi moja. Mahubiri hayahitajiki. Yanatosha majina na tarehe, upande huu na upande huu.

Nani anaingia, nani anangoja

Swali la pili ni gumu zaidi, na najua litaleta kelele katika mukutano wowote. Vita haikuisha 1945. Julai 1960 askari wa Camp Massart, ambayo leo ni Camp Vangu, waliasi. Siku mbili kisha, tarehe 11, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi. Mpaka Januari 1963 kulikuwa na majandarme wa Katanga, na wengine walikwenda Angola, wakarudi na vita ya 1977 na ya Kolwezi 1978. Walioitwa Tigres waliingia Lubumbashi pamoja na AFDL, Aprili 1997, na kati ya hao wa AFDL kulikuwa na watoto, kadogo, wenye bunduki ndefu kuliko wao. Wote hao ni wapiganaji. Wengine bado wanaishi nasi katika mitaa, bila pensheni, na wana haki ya kuuliza: na sisi?

Jibu langu ni kwamba bustani ianze na vita mbili za dunia na wapagazi wake, na uwanja uachwe wazi kwa wengine. Haiko kwamba hao wengine hawastahili. Sababu ni kwamba katika vita za nyuma, mujane wa huyu na mujane wa yule aliyemuua wanauza katika soko moja. Moto ule bado una makaa. Ukiwaandika upande mumoja leo, umejenga ukuta wa kugombania. Vipande vya ardhi vilivyoachwa wazi, vyenye muti na kiti tu, vitasema kwamba hawakusahauliwa. Watoto wetu, wakipatana, wataandika.

Kuna swali la tatu ambalo watu wanalisema kwa sauti ndogo: bustani ni ya "watu wa Katanga", basi nani ni mutu wa Katanga? Force Publique ilikuwa na desturi ya kuchanganya askari na kuwapeleka mbali na kwao. Katika kambi ya Elisabethville mulikuwa na watu wa Uele, wa Équateur, wa Kasai, wa Maniema. Wengi walimaliza kazi, wakapata lupango, wakaoa, wakazikwa hapa. Sisi tuliopita miaka ya 1992 na 1993 katika inchi hii tunajua bei ya kumuuliza jirani asili yake. Kwa hiyo majina yaandikwe kwa alfabeti, bila kabila, bila jimbo, bila cheo. Aliyeondoka hapa kwenda vitani ni wetu. Aliyerudi kuishi na kufa hapa ni wetu.

Daftari mbele ya sima

Wengi wakisikia neno "ukumbusho" wanakimbilia sima. Wanatafuta muchoraji, wanatafuta mufadhili, wanaweka jiwe la msingi na picha inapigwa. Namna hiyo ndiyo ilileta mambo ya Februari 2005 huko Kinshasa, pale sanamu ya Léopold II iliposimamishwa tena katikati ya muji na kuondolewa baada ya saa chache tu. Watu hawakuulizwa, basi walijibu bila kuulizwa.

Kazi ya kwanza ni daftari la majina. Chuo Kikuu kiko pale pale Kasapa, na kina desturi ya kazi hii. Tangu mwaka 2000, mupango wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya masimulizi na hata vyombo vya nyumbani vya watu wa muji. Na mbele ya hao, mwaka 1965, André Yav na wenzake, waliokuwa watumishi katika nyumba za wazungu, waliandika wenyewe historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao, kile tunachosema barabarani. Hawakungoja profesa. Wanafunzi wa historia wanaweza kupita nyumba kwa nyumba, maana nishani na karatasi za jeshi ziko bado ndani ya masanduku, chini ya vitanda, na watoto wa wale wazee hawajui hata zinasema nini. Kuna vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia ambamo kazi ya baba iliandikwa. Kuna faili za askari zilizobaki Brussels, na kwa hizo lazima barua ziandikwe na serikali, si na mutu mumoja.

Kwa mupagazi ambaye jina lake limepotea, liandikwe jina la kijiji chake ao la chifu aliyeombwa watu. Kijiji hakikupotea. Na ningependa kitu kingine: pale mulangoni pawekwe mawe yenye mukono wa kushika, kila moja kilo 25, na njia ya kwenda mpaka ukutani. Mwenye nguvu abebe lake juu ya kichwa mpaka kule, halafu alirudishe. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hatanihitaji mimi kumueleza mwaka 1916.

Kisha daftari, kunakuja ardhi. Hapa Lubumbashi haifai kuficha neno: uwanja usio na karatasi ni uwanja wa mutu mwingine. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Haki hiyo ni hati ya kuandikishwa, wala si ahadi ya mukubwa katika mukutano. Lazima mupimaji aje, mawe ya mipaka yapandwe, hati itoke kwa jina la muji ao la Chuo, kabla hata muti mumoja haujapandwa. Bila hivyo, kisha miaka michache bustani itakuwa na milango ishirini na vyoo ishirini. Hekta moja inatosha. Inchi kubwa inataka walinzi wengi.

Juu ya namna ya kujenga, mimi si fundi, lakini nina macho. Watu watataka vibao vya shaba, kwa sababu sisi ni muji wa shaba. Visiwekwe. Kila mutu anajua vibao vya shaba vinakwenda wapi usiku, na kwa kilo wanalipa bei gani. Ukuta ujengwe kwa matofali ya kuchoma, kama nyumba za kwanza za muji huu, ambazo matofali yake yalitoka katika udongo wa vichuguu. Jina linachorwa katika tofali bichi, halafu linaingia tanuru pamoja nalo. Tofali lenye jina la mutu haliuzwi kwa kilo, na mutoto anaweza kulisoma kwa kidole, kama lukasa. Tena likipatikana jina jipya, tofali linaongezwa. Ukuta usimalizwe siku ya ufunguzi. Kichuguu kikubwa kikiwa katikati ya uwanja, kisivunjwe. Kitakuwa kilima cha bure, na kimekaa pale kabla yetu.

Mvua ya huku inaanza mwezi wa 11 na kupiga mpaka wa tatu ao wa nne, na maji mekundu yanakula kila msingi usio na mifereji. Mifereji iingie katika ramani tangu siku ya kwanza. Miti ya pori iliyobaki ilindwe, maana makala yamekwisha kumaliza miti pande zote za muji. Jacaranda ni muzuri, lakini ni mugeni kutoka Amerika ya Kusini na tunao wa kutosha barabarani. Wapande muyombo, wapande musuku, watoto wapate kula matunda yake. Viti viwe vingi, wazee wanachoka.

Maandishi yawe kwa Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, kisha Kifaransa. Lingala nayo ipate mustari wake, sababu ilikuwa luga ya amri katika kambi za Force Publique, na wengi wa wale watu waliisikia kama neno la mwisho.

Feza za kujenga mara nyingi zinapatikana, hasa mbele ya uchaguzi. Feza za mulinzi ndizo zinakosa. Mabaki ya Patrice Lumumba, aliyeuawa 17 Januari 1961 upande wa Shilatembo, yalirudishwa kwa heshima Juni 2022, yakapita kwetu, yakawekwa Kinshasa katika kaburi lililojengwa vizuri. Novemba 2024 watu waliingia pale na kuvunja. Kama hata hapo palivunjwa, sisi wa Kasapa tujue mapema mushahara wa walinzi wawili na mutu wa majani unatoka mfuko gani, mwaka wa kwanza mpaka wa kumi. Mupango usio na mustari huo usikubaliwe.

Na siku ya bustani? Wengine watasema 11 Novemba, kama Ulaya. Mimi nachagua 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, kwa sababu siku hiyo hatuhitaji kufundishwa: asubuhi muji muzima uko makaburini na majembe na ndoo za maji. Na kazi ya daftari inaweza kuanza siku ile ile, hata mwaka huu, bila ardhi na bila mufadhili. Watoto wa wale waliorudi kutoka Saïo wana miaka 70 na 80. Vijana wawili wawili wapite kaburi kwa kaburi, wawasalimu watu wanaofagia, wasaidie kumwaga maji, halafu waulize kwa upole: baba, mama, huyu alikuwa soda? Akisema ndiyo, waandike jina lake lote, jina la baba yake, kijiji, kambi, namba ya matrikule kama karatasi iko, na jina la muke wake.